Tupeane uzoefu: umejiajiri Marekani, hamjafunga ndoa, mtoto anaingia kwenye kodi ya nani?

Msusi wa Columbus (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu. Msimu wa kufaili ukifika, simu za "umemweka mtoto?" zinaanza kabla ya chai. Nimeona tupeane uzoefu mapema. Naanza na langu.

Nasuka nywele sebuleni kwangu, Columbus, Ohio. Baba wa mtoto tuliachana kabla hata mahari haijatajwa, kwa hiyo hakuna talaka wala karatasi ya mahakama. Kuna mtoto tu, na mtoto anaishi kwangu. Kwa baba yake huenda wikendi mojamoja, akikumbukwa.

Mwaka 2024, nikishatoa hela ya rasta, mafuta na vifaa, faida yangu ilibaki dola 19,000. Februari 2025 nikajaza ritani, ile fomu ya kodi ya mwaka, nikatuma. Kabla sijamaliza kichwa cha mteja, jibu likarudi: imekataliwa. Namba ya Social Security ya mtoto, yaani ile namba yake ya hifadhi ya jamii, imeshatumika kwenye ritani nyingine. Sikuhitaji mganga wa kunitajia aliyeitumia.

Nikampigia. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama Junior, yule mtengeneza kodi anayenijazia ritani aliniuliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye. Akamweka." Mtengeneza kodi hakuuliza swali la pili.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini sisi tuliojiajiri jambo hili linatuuma kuliko mwenye ajira. Mwajiriwa, nusu ya michango ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee) inalipwa na bosi. Sisi ndio bosi na ndio kibarua, tunalipa pande zote mbili, asilimia 15.3. Mimi kwa mwaka ule sikudaiwa kodi ya mapato hata senti, maana mzazi asiye na ndoa anayebeba gharama za nyumba, wanayemwita mkuu wa kaya, alikuwa anasamehewa dola 21,900 za mwanzo. Lakini ule msamaha haugusi kodi ya kujiajiri. Hiyo ilinisubiri palepale, karibu dola 2,700.

Anayeilipa ni mtoto. Kwa mtoto mmoja, ile nafuu ya wenye kipato cha kazi, EITC, ilifika dola 4,213 kwa mwaka 2024, na ile nafuu ya mtoto unaweza kurudishiwa mkononi hadi dola 1,700. Ukijumlisha ukatoa deni, narudishiwa kama dola 3,200. Mtoto akiondoka kwenye ritani yangu, mimi ndiye nadaiwa, karibu dola 2,900. Tofauti inapita dola 6,000. Kwa mtu anayesuka kichwa kimoja kwa saa sita, hizo ni saa nyingi za kusimama.

Nilichofanya: nilifungua akaunti kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nikachukua ile namba ya siri ya tarakimu sita wanayoiita IP PIN, nikatuma upya. Tangu msimu ule wa 2025 ritani ya pili inapokelewa kwa mtandao ukiweka namba hiyo, hata kama mtoto ameshawekwa kwingine. Zamani ilibidi uchapishe na upeleke posta. Baadaye tukapata barua wote wawili, CP87A, inayosema kuna mtu mwingine aliyemdai mtoto huyuhuyu: kama una haki usifanye kitu, kama huna rekebisha. Mwenzangu akarekebisha. Deni bado analipa kwa awamu, na mimi ndiye mbaya.

Haya, leteni yenu.

Dereva wa Dallas

Dada, pole sana. Lakini na sisi kina baba tusikilizwe, si wote tunaotoroka na namba ya mtoto.

Mimi naendesha Uber. Mwanangu yuko kwa mama yake, na kila mwezi natoa dola 650 za matunzo, sijawahi kuruka. Kichwani mwangu ilikuwa wazi: anayelipa ndiye mwenye mtoto. Nikaenda maktaba kwenye kile kituo cha VITA wanakofaili bure, nikakuta bibi mmoja wa kujitolea, miwani imeshuka puani. Nikamtolea risiti zote za matunzo, nikazipanga mezani kama karata. Hakuziangalia. Akaniuliza, "Mtoto analala wapi?"

Swali ni hilo tu. Mtoto ni wa yule ambaye mtoto alilala kwake usiku mwingi zaidi katika mwaka. Siyo nani ananunua viatu, siyo cheti cha kuzaliwa kina jina la nani. Usiku ukilingana sawasawa ndipo wanaangalia nani ana kipato kikubwa. Na hela ya matunzo haipunguzi kodi yangu, wala haihesabiwi kuwa kipato cha mama. Kwa kodi ni kama haipo. Iliniuma, sitadanganya.

Lakini bibi hakuniacha hivihivi. Aliniuliza mama wa mtoto anafanya kazi gani. Mwaka ule alikuwa anasoma uuguzi, hana kipato hata cha dola moja. Akanieleza kwamba bila kipato mama naye hapati ile nafuu ya mtoto, maana sehemu ya kurudishiwa inahesabiwa kwenye kipato kinachopita dola 2,500. Ingepotea bure. Kumbe kuna fomu 8332: mama anasaini kuniachia mtoto, mimi naiambatanisha na ritani yangu.

Nikampigia mama wa mtoto kwa heshima zote, nikamweleza, tukakubaliana anachukua nusu. Akasaini. Nilipata ile 1,700 ikameza sehemu kubwa ya kodi yangu ya kujiajiri. Ila jueni, fomu ile inahamisha nafuu ya mtoto tu. EITC haihami, ukuu wa kaya hauhami, nafuu ya gharama za deikea haihami. Hizo zinabaki kwa yule ambaye mtoto analala kwake, hata msaini kwa damu. Nimeona mabaraza ya akina baba wanadanganyana sana hapo.

Na kina mama, mkisaini, sainini mwaka mmoja. Ile fomu ina sehemu ya pili ya miaka ijayo. Usiiguse kama mapenzi yameshaisha.

Msusi wa Columbus

Kaka Dereva, wewe ungekuwa baba Junior nisingefungua hii mada.

Mama Wawili, Seattle

Yetu ni tofauti maana sisi hatujaachana. Tunaishi pamoja mwaka wa saba, watoto wawili, ndoa tunaisubiri mpaka wazazi wapate visa. Mimi nasafisha nyumba za watu, mwenzangu anaendesha lori la mizigo, wote tunapewa 1099, ile fomu ya malipo ya asiyeajiriwa.

Hapo mzazi yeyote anaweza kumweka mtoto, mradi mmekubaliana na hakuna mtoto anayewekwa mara mbili. Tukagawana kama mandazi: mkubwa kwangu, mdogo kwake. Mpaka hapo hatukukosea. Kosa ni kwamba kila mmoja alijiandika mkuu wa kaya. Kwenye mkutano wa chama nilipoisimulia, mzee mmoja alicheka hadi akashika ukuta: "Nyumba moja, majogoo wawili!"

Mkuu wa kaya ni yule aliyelipa zaidi ya nusu ya gharama za kuendesha nyumba. Zaidi ya nusu haiwezi kuwa ya watu wawili. Barua ilipofika tukakaa chini na kalamu. Zinazohesabiwa ni kodi ya nyumba (pango), umeme, maji, matengenezo, bima ya nyumba, na chakula kinacholiwa nyumbani. Nguo, ada na hospitali hazimo. Mimi nilikuwa nalipa chakula na umeme, yeye kodi ya nyumba, na kodi ya nyumba ya Seattle mnaijua. Mkuu ni yeye. Mimi nikarudi kwenye "mseja", ambapo msamaha wa mwaka 2024 ni dola 14,600 badala ya 21,900, nikalipa tofauti.

Siku hizi tunajaza ritani kwa njia tatu kabla ya kutuma yoyote: watoto wote kwangu, wote kwake, mmoja mmoja. Mwaka wa kwanza njia ya "wote kwangu" ilishinda kwa zaidi ya dola 1,000, maana kipato chake kilikuwa kimepita kile EITC inachoruhusu. Alinuna siku mbili. Mwanamume kuambiwa watoto hawamo kwenye karatasi yake si jambo dogo, hata kama hela inaingia kwenye sufuria ileile.

Baba Furaha, Louisville

Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani, nimefika Kentucky kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Ninakata nyasi na kubeba mizigo ya watu wanaohama, ninalipwa mkononi ao kwa 1099. Watoto wangu wawili wamebaki kambini na bibi yao. Kila mwezi ninatuma pesa ya chakula.

Mwaka wangu wa kwanza, mtu mmoja wa kwetu, anatengeneza kodi sebuleni kwake, aliniambia, "Unatuma pesa? Basi watoto ni wako, tutawaweka." Nikafurahi. Alichukua dola 400 zake ndani ya malipo, na kwenye karatasi hakuandika jina lake. Pale palipaswa kuwa na sahihi yake aliandika nimejifailia mwenyewe.

Ndugu zangu, mtoto asiyelala kwako hapa, asiye raia wala mkaaji wa Marekani, haingii, hata ukimlisha peke yako toka siku ya kwanza. Kanada na Meksiko wana mlango wao mdogo katika sheria. Kigoma haina, Goma haina, Nairobi haina. Nililetewa barua, nikarudisha pesa yote pamoja na faini. Na wakiona ulifanya bila kujali sheria wanakufungia zile nafuu miaka miwili. Wakiona ni udanganyifu, kumi. Yule mtu wa sebuleni? Namba yake ya simu haiiti tena.

Watoto wangu karatasi zao zinaendelea. Wakifika hapa nitawaweka. Mpaka wakati huo ninatuma tu.

Msusi wa Columbus

Baba Furaha, Mungu awafikishe salama. Hili la mtu asiyesaini tulirudie: anayelipwa kukutengenezea kodi lazima aweke sahihi na PTIN, namba yake ya utengenezaji kodi anayopewa na IRS. Akikataa, chukua karatasi zako uondoke, hata kama ni mjomba.

Kinyozi, Baltimore

Naongeza la upande mwingine, maana hapa tunazungumza kama vile shida ni mtoto tu. Shida nyingine ni kipato.

Mwaka mmoja nilijifanya mjanja. Hela nyingi za kinyozi ni taslimu, nikaandika kidogo, nikarundika gharama mpaka faida ikabaki dola 1,100. Mtoto yuko kwangu kihalali, analala kwangu, nikasubiri maelfu. Nikapata kiduchu. EITC inapanda na kipato kabla ya kushuka, kwa hiyo ukijifanya maskini kupita kiasi unajinyima mwenyewe. Tena faida ile haikutosha hata "robo" moja, ile alama ya kazi ambayo Social Security inaihesabu kwenye pensheni. Mwaka 2024 robo moja ilitaka dola 1,730, na pensheni inataka robo 40. Mwenzangu wa kiti cha jirani alifanya kinyume, akabuni biashara ya usafi ili kipato kifike pazuri. IRS waliomba daftari. Hakuwa nalo.

Sasa naandika kila kichwa. Daftari la shule la dola moja, tarehe na kiasi. Nikivuka faida ya dola 400 kwa mwaka lazima nifaili, mtoto awepo asiwepo.

Mama Wawili, Seattle

Na gharama halali usiziache pia ili kipato kipande. Hilo nalo ni kosa, nilielezwa VITA.

Mama Kichanga, Phoenix

Samahani wakubwa, shikamooni. Mimi nimejifungua tarehe 28 Desemba. Nasuka pia, baba hayupo. Siku nne tu za mwaka, mtoto anahesabika?

Dereva wa Dallas

Marahaba, hongera mama. Anahesabika mwaka mzima. Mtoto aliyezaliwa ndani ya mwaka anatazamwa kwa muda aliokuwa hai, na huo wote alikuwa kwako. Ila hakikisha namba yake ya Social Security imetoka kabla ya siku ya mwisho ya kufaili. Kama hospitalini ulijaza ile fomu ya kuiomba, itakuja kwa posta. Kwa ritani ya mwaka 2025 nafuu ya mtoto ni hadi dola 2,200, na mzazi naye lazima awe na namba yake. ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security, haitoshi tena kwa mzazi. Na kama utadai EITC usitegemee hela kabla ya katikati ya Februari, sheria inawazuia.

Mama Kichanga, Phoenix

Asante kaka. Na ushahidi kwamba analala kwangu nitoe wapi, hana shule?

Msusi wa Columbus

Kliniki, mdogo wangu. Kila ukimpeleka chanjo, hakikisha anwani waliyoandika ni ya kwako, na uombe karatasi yenye tarehe. Akikua, barua ya shule au deikea. Mimi baada ya yaliyonikuta nimebandika kalenda kwenye friji, kila usiku Junior akilala hapa naweka alama ya kalamu nyekundu, akienda kwa baba yake naweka ya bluu. Jumapili iliyopita baba yake alikuja kumchukua, akaiangalia, akauliza zile nyekundu ni nini. Nikamwambia. Akahesabu mwezi mzima kwa kidole, kimya, kisha akaniomba nimtumie picha.