Ninadakiwa maneno kila Jumatatu kikaoni: nifanyeje bila kuonekana sina adabu?

Msimamizi wa Ubora, Mbeya

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninasimamia ubora katika ghala moja la nafaka hapa Mbeya, na kila Jumatatu saa mbili asubuhi hukaa kikao cha mipango pamoja na wenzangu sita, ambao wote ni wanaume. Sina ugomvi na yeyote kati yao, lakini ni nadra sana nikamaliza sentensi tatu bila mmoja wao kunidakia.

Jumatatu iliyopita nilikuwa na jambo zito. Magari mawili ya mahindi mapya yalikuwa yameingia siku ya Ijumaa, nami nilichoma magunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli ya nafaka, juu, katikati na chini ya mzigo, nikapata unyevu wa asilimia 16, ilhali mahindi ya kuhifadhiwa hayatakiwi kuzidi asilimia 13.5. Nikaanza kueleza kwamba mzigo huo usipangwe pamoja na shehena ya zamani, kwa sababu... na sababu yenyewe sikuifikia. Mkuu wa usafirishaji alidakia, "Dada yangu, mahindi ya msimu huu yote yako hivyo," wenzake wakacheka, na mazungumzo yakahamia kwenye dizeli. Robo saa baadaye kijana wa stoo, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amesoma vipimo kwenye daftari langu, alisema kwamba mzigo ule una unyevu na ungefaa kuanikwa. Mwenyekiti akalisifu wazo hilo, na katika muhtasari limeandikwa kwa jina la kijana.

Mwezi uliopita nilipaza sauti nikaambiwa nina hasira, na kabla ya hapo nilinyamaza nikaambiwa sichangii. Kinachonipa tabu zaidi ni kwamba mkuu huyo wa usafirishaji ana umri wa baba yangu mdogo, na kila asubuhi ninamwamkia shikamoo. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje "usinikatize" mbele za watu?

Mstaafu wa Njombe

Mwanangu, shikamoo yako iendelee, kwa maana haina kosa lolote. Nimefanya kazi za utumishi kwa miaka mingi, nimeandika mihtasari ya vikao hadi vidole vikapinda, na nilichojifunza ni kwamba anayedakia hutegemea kiti kilegee.

Tazama Bunge letu linavyofanya. Mbunge anayetaka kumkatiza mwenzake husimama na kuomba kutoa taarifa. Spika ndiye anayemruhusu, na baada ya hapo aliyekuwa akichangia huulizwa kama anaipokea taarifa hiyo. Anaweza kujibu "siipokei", akaendelea na hoja yake, wala hakuna anayesema kwamba amekosa adabu, hata kama aliyekatiza ni mzee kuliko yeye. Wengine humwomba Spika awalindie muda wao. Kiti hicho kimekaliwa na wanawake wawili kutoka huku kwetu: Anne Makinda wa Njombe, mwanamke wa kwanza kuwa Spika, kuanzia mwaka 2010 hadi 2015, kisha Tulia Ackson wa Mbeya Mjini, aliyechaguliwa Februari 2022. Wanaume waliokuwa wakipiga kelele ukumbini walikaa chini walipoambiwa wakae, kwa sababu kulikuwa na kanuni na kulikuwa na mtu wa kuisimamia.

Kwa hiyo usimjibu mzee wako. Zungumza na kiti. "Mwenyekiti, naomba nimalizie" ni maneno yasiyomgusa mtu yeyote, na yanamwachia mwenyekiti kazi iliyo yake. Lakini kabla ya Jumatatu mfuate ofisini kwake, ukiwa peke yako, umwombe taarifa ya ubora iwe ajenda inayojitegemea, mara tu baada ya yatokanayo. Jambo lenye namba yake katika ajenda haliachwi njiani kirahisi, maana mwandishi wa muhtasari hana budi kujaza kitu pale.

Fundi Mitambo, Iringa

Kamwene. Ninaandika nikiwa upande wa watuhumiwa. Nilikuwa nikiamini kwamba ninamkatiza kila mtu kwa usawa, kwa kuwa karakana ina kelele na sisi mafundi tumezoea kupokonyana maneno. Binti mmoja wa kitengo cha umeme aliponilalamikia, niliamua kuchora mstari nyuma ya daftari kila nilipodakia. Katika vikao viwili nilipata mistari tisa, na saba kati ya hiyo ilikuwa kwa wanawake wawili tulio nao. Niliona aibu.

Baadaye nilisoma kwamba Don Zimmerman na Candace West wa Marekani walichapisha mwaka 1975 matokeo yao ya kusikiliza mazungumzo kati ya wanaume na wanawake, wakahesabu makatizo 48, na 46 yalikuwa ya wanaume. Mazungumzo yenyewe yalikuwa 11 tu, kwa hiyo sitayafanya kuwa sheria ya dunia. Pia sikubali kwamba kila kudakia ni suala la jinsia, kwani hapa kwetu mkubwa humkatiza mdogo bila kujiuliza mara mbili. Ila dada yetu yanampata yote mawili kwa pamoja.

Afisa Utumishi, Mafinga

Ninakubaliana na mama wa Njombe, na ninaongeza jambo kuhusu yule kijana wa stoo. Wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Obama walikubaliana kwamba mmoja akitoa hoja, mwingine airudie huku akimtaja aliyeitoa, ili isiokotwe na mtu mwingine. Wewe huna mwanamke mwenzako mezani, lakini kijana huyo huenda hakukusudia kukuibia. Mwombe aseme tu, "kama alivyoeleza msimamizi wa ubora".

Kuhusu sheria, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kijinsia kazini na inahesabu unyanyasaji wa misingi hiyo kuwa ubaguzi. Kudakiwa peke yake sikushauri ukufanye shauri, lakini yakiambatana na maneno ya kukudhalilisha kwa sababu ni mwanamke, andika tarehe, maneno yenyewe na waliokuwepo.

Msimamizi wa Ubora, Mbeya

Nimerudi baada ya wiki mbili. Mwenyekiti alinisikiliza na kukiri kwamba hakuwahi kuliona jambo hilo, nami ninamwamini, ingawa anakaa hatua mbili kutoka kwangu. Taarifa ya ubora sasa ni ajenda ya tatu.

Wakati huo mzigo ulikuwa umeshapangwa. Asubuhi ya kikao nilichoma bambo katikati ya rundo, mahindi yakatoka na joto, nikayaweka kwenye bakuli na kuingia nayo. Nilipoanza, mzee akasema "Dada yangu," nami nikamgeukia mwenyekiti. Kabla sijafungua kinywa mwenyekiti akasema, "Mzee, taarifa yako tutaipokea akimaliza." Walicheka, naye akacheka, kisha nikazungusha bakuli. Kila mmoja alitia mkono. Mzee aliushikilia wake mle ndani muda mrefu kuliko wote, akauliza itachukua turubai ngapi.

Tulianika siku nne na unyevu umeshuka hadi 13.2. Jina la kijana bado lipo kwenye muhtasari wa kikao kile cha kwanza. Yeye mwenyewe amesema ataomba marekebisho Jumatatu, wakati wa kuuthibitisha.