Pampu ya kusimama ya baiskeli: ndefu ya chuma au nene yenye geji?

Mkulima wa Tandahimba
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Msimu wa korosho unakaribia, nami nimechoka kukokota baiskeli hadi kwa fundi kila tairi linapolegea. Nimeamua kununua pampu yangu mwenyewe ya kusimama, ile unayoikanyaga kitako kwa miguu na kusukuma kwa mikono miwili. Jumamosi nitashuka Mtwara mjini. Nimeambiwa nitakuta ndefu nyembamba ya chuma yenye mkono wa mbao, na nyingine nene ya plastiki yenye geji, yaani kipimo cha upepo chenye mshale, ambayo bei yake inakaribia mara mbili. Ipi itadumu?

Fundi wa Masasi
Ndugu yangu, umetuuliza kiatu bila kututajia mguu. Baiskeli zako ni za aina gani, zina valvu gani, na ni nani hasa atakayepiga upepo hapo nyumbani? Valvu ziko tatu: ile ya baiskeli zetu kubwa za mizigo, yenye kimpira chembamba ndani na nati ya kuibana, ile nene kama ya pikipiki na gari, yenye kijiti katikati, na ile nyembamba ndefu ya baiskeli za mashindano. Mdomo wa pampu usioingia kwenye valvu yako hauna faida hata kama pampu yenyewe ni ya dhahabu.

Mwendeshaji wa Mikindani
Mimi nakushauri usihangaike na pampu za bei nafuu. Natumia SKS Rennkompressor ya Ujerumani, yenye silinda ya chuma na mkono wa mbao, ambayo hufika baa 16, yaani takribani PSI 230 kwa vile vipimo vya nguvu ya upepo vinavyoandikwa kwenye matairi, na vipuri vyake vinauzwa kimoja kimoja. Upepo wa bahari huku kwetu unakula chuma kibaya mbele ya macho yako, lakini hii bado ni nzima.

Fundi wa Masasi
Kaka, hatubishani juu ya ubora wake. Hata hivyo, tairi la inchi 28 la kubebea mzigo limeandikwa ubavuni PSI 50 au karibu na hapo. Hizo 230 atazipeleka wapi?

Mama wa Newala
Mjomba, naomba nikusimulie yaliyonipata ili usiinunue geji kwa kupendezwa na mshale. Mwaka juzi nilinunua pampu nene ya plastiki, duka sitalitaja, na mwezi wa kwanza niliifurahia sana. Siku moja kijana wangu alikuwa anakwenda bondeni kuchota maji, madumu matatu ya lita 20 kwenye keria, nikampigia upepo mpaka mshale ukasimama kwenye 45. Nilibonyeza tairi kwa kidole gumba, nikaona linabonyea, lakini nikaamini mshale kuliko kidole changu. Wakati wa kurudi akapita juu ya jiwe, tairi la nyuma likaisha upepo palepale, akalazimika kuyamwaga madumu mawili ili aweze kuikokota baiskeli mlimani. Tulipoutoa mpira wa ndani tulikuta matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, yameachana kwa upana wa rimu. Fundi akanionyesha kwamba rimu ndiyo iliyoukandamiza mpira juu ya jiwe kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Alipoifungua geji alikuta tundu lake limeziba kwa mchanga uliochanganyika na grisi, na mshale ulikuwa umekwama. Yale maji yaliyomwagika ndiyo yananiuma mpaka leo, kwa kuwa anayeijua Newala anajua yanapotoka.

Fundi wa Masasi
Pole sana, dada. Naongeza kwamba kwenye valvu yenye kimpira geji haisomi tairi ipasavyo hata ikiwa nzima, kwa sababu kile kimpira huzuia upepo wa tairi usirudi kwenye pampu, na mshale huonyesha nguvu iliyomo ndani ya pampu wakati unasukuma.

Mkulima wa Tandahimba
Samahani kwa kutoeleza mapema. Nina baiskeli mbili: Phoenix ya mizigo yenye valvu ya kimpira, na ya gia ya binti yangu anayesoma sekondari, yenye valvu kama ya pikipiki. Mara nyingi binti ndiye atakayepiga upepo, naye ana kilo 38.

Fundi wa Masasi
Sasa umesema jambo. Silinda yenye upana wa milimita 30 ndani, ikifika PSI 50, inadai msukumo wa takribani kilo 25. Yenye milimita 40 inadai kilo 44 kwa PSI hizohizo. Nene hujaza upesi mwanzoni, lakini mwishoni binti ataning'inia juu ya mkono wa pampu na hautashuka. Kwa hesabu hiyo nyembamba inamfaa, ingawa atasukuma mara nyingi zaidi.

Mzee wa Lindi
Wanangu, msisahau washa, kile kikombe kilicho mwisho wa fimbo ndani ya pampu kinachosukuma hewa. Ya ngozi ikikauka inasinyaa na pampu inapuliza hewa kando. Itoe, itie mafuta ya nazi, itanue kwa vidole, na itafanya kazi miaka. Yangu naitunza hivyo.

Mama wa Newala
Shikamoo, mzee wangu. Huko pwani sawa, lakini kwetu asubuhi ya mwezi wa Julai mafuta ya nazi huganda ndani ya chupa, na washa inakuwa nzito kama imepakwa nta. Sisi tunatumia mafuta ya cherehani.

Mzee wa Lindi
Marahaba, mwanangu. Hilo la baridi sikulifikiria.

Fundi wa Masasi
Ya cherehani yanafaa kwa ngozi tu. Washa ya mpira ukiitia mafuta hayo huvimba na kulegea, kwa hiyo kwanza ifungue uone ni ya nini.

Mwendeshaji wa Mikindani
Bado nasema baiskeli ya gia inahitaji kipimo. Anunue ya chuma, kisha atafute geji ndogo ya mkononi, ile wanayotumia mafundi pikipiki. Valvu ya binti itaikubali.

Mkulima wa Tandahimba
Nashukuru nyote. Moyo wangu umeanza kuelekea kwenye ya chuma, ila bado naogopa kwamba mdomo wake hautashika valvu ya binti.

Fundi wa Masasi
Usinunue kabla hujaijaribu dukani. Ziba mdomo wa mpira wake kwa kidole gumba na usukume: mkono ukishuka mpaka chini bila kukataa, washa imekufa. Kisha ivalishe kwenye valvu nene na upige mara tano. Mkono ukipanda wenyewe, kizuizi cha chini hakifungi na upepo unarudi ndani ya pampu. Uende na mipira miwili ya ndani iliyochakaa, mmoja wa kila baiskeli, valvu zake zikiwa nzima.