Naambiwa nimekwisha kuchukua mbolea ya ruzuku ambayo sijaitia hata mkononi!

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa bado stendi, vumbi la foleni halijanitoka miguuni. Yule wakala wa pembejeo mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yeyote aliyenunua hata pakiti ya mbegu katika wilaya yetu hii ya kandokando ya ziwa amekwisha kuonja dharau yake. Leo, mbele ya watu wasiopungua thelathini, ameniambia: "Mzee, labda ulichukua ukasahau."

Ukasahau! Mifuko miwili ya Urea, kilo mia moja, mtu anaisahau kama kofia?

Nilijiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, nikataja ekari zangu, namba ya mkulima ikaja kwenye simu, na ujumbe huo ninao mpaka sasa. Nimefika alfajiri nikakuta foleni ambayo mkia wake, naapa, ulikuwa unakunywa maji ya ziwa. Zamu yangu ilipofika, akaandika namba yangu kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akangoja mtandao, kisha akanigeuzia nione: jina langu, mifuko miwili, imechukuliwa, tena siku ambayo nilikuwa kwenye majaruba napandikiza mpunga, maji yakinifika magotini. Nikamuuliza ni nani aliyechukua. Hakunijibu, aliwatazama vijana waliokuwa nyuma yangu, akatabasamu, akasema nilichukua nikasahau. Nao wakacheka.

Nyuma yake mifuko imepangwa hadi darini, mmoja umetoboka pembeni na punje nyeupe zinamwagika sakafuni. Akaniambia kwamba kama nina haraka, nitoe bei kamili. Ruzuku hii ilipozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane ya 2022, mfuko wa Urea uliokuwa umepita shilingi 120,000 ulishushwa hadi 70,000 ili sisi tuweze kuununua. Mpunga wangu umeanza kuwa njano, na mbolea ya kukuzia haina kesho.

Nina miaka hamsini na minane, na sijawahi kusahau hata mbuzi wa kukopeshwa.

Sato wa Busisi: Pole sana, mzee wangu. Huyo huyo alimwambia mama yangu mzazi kwamba namba yake ni ya marehemu, na mama amesimama pale pale anamsikiliza.

Mbuyu Mkavu: Mkuu, nawe una lako. Simu ulimpa nani akusomee ujumbe? Wengi mnawapa watoto wa jirani namba zenu, kisha mnakuja kulia humu.

Mzee wa Majaruba (mwanzisha uzi): Simu haijatoka mfukoni mwangu, bwana. Nasoma mwenyewe na naandika mwenyewe, kama unavyoona. Mfuko ukisomeka kwenye mfumo kuwa umechukuliwa, serikali inafidia tofauti ya bei, kwa hiyo kuna mtu anayelipwa kwa jina langu. Halafu mimi ndiye niliyesahau!

Mbuyu Mkavu: Hapo sawa. Lakini enzi za vocha za karatasi tulisainishwa vocha, tukapewa elfu tano ya soda, mbolea ikaenda zake. Mbona hamkupiga kelele?

Pamba Nyeupe: Afadhali ninyi wa mpunga, mifuko mnaiona. Sisi tunatakiwa kupanda pamba kati ya Novemba na katikati ya Desemba, na mbegu zimefika kwenye chama chetu cha msingi Januari, mvua za kupandia zimekwisha kupita.

Dengu Tamu: Na sisi wa dengu tuseme nini? Nilipeleka magunia tisa ghalani, nikapewa stakabadhi, mnada ukafanyika, na tangu Septemba kila Ijumaa naambiwa fedha zitaingia Jumatatu. Kuna yeyote humu aliyekwisha kulipwa?

Sato wa Busisi: Mimi nililipwa gunia nne kati ya saba. Wewe ulipimiwa kwenye mzani upi, ule wa nje au ule wa ndani ya ghala?