Gumzo la Ukoo wa Mzee Kondo: mpira wa yai

Daudi: Shikamooni wakubwa. Leo kazini tumebishana mpaka chai ikapoa. Wales ya raga ilifungwa mechi 18 mfululizo. Kosa la kocha au wachezaji?

Mjomba Shabani: Marahaba. Raga ndo ule mpira wa yai?

Daudi: Huohuo mjomba

Mjomba Shabani: Basi kocha. 18?? Pale Msimbazi au Jangwani sare mbili tu begi lako liko nje ya geti

Zuhura: Shikamoo mjomba. Walishamtoa sasa. Kocha Gatland aliondoka Februari 2025 baada ya kipigo cha 14, Italia 22-15. Akaja kocha wa muda, England wakaenda kumpiga 68-14 hukohuko kwao Cardiff

Shangazi Mwajuma: 68 magoli??? 😳

Zuhura: Pointi shangazi. Ukiuweka mpira chini ng'ambo ya mstari unapata tano, ukipiga teke likapita katikati ya nguzo unaongeza mbili

Shangazi Mwajuma: Haya, nilishashtuka

Baba Mdogo Idi: Gatland huyohuyo ndiye aliyeshinda mechi zote za Mataifa Sita, yale mashindano ya Ulaya, 2008, 2012 na 2019. Ghafla kawa mbumbumbu? Watu wake ndio waliisha. Alun Wyn Jones na Tipuric walistaafu timu ya taifa 2023, Biggar naye baada ya Kombe la Dunia, Rees-Zammit 2024 alikimbilia futiboli ya Marekani

Daudi: Ngoja ba'mdogo. Afrika Kusini 2017 walilala 57-0 kwa New Zealand. Wachezaji Kolisi yumo, Etzebeth yumo. 2018 akaja Rassie Erasmus, 2019 haohao wawili wakabeba Kombe, England 32-12. Kocha huyo!

Mjomba Shabani: Umeona Idi 😂

Shangazi Mwajuma: Mie nimepika shughuli mwaka wa 20 huu. Wali ukitoka mbichi mpishi ndo anasemwa. Hakuna anayeuliza nani kaleta mkaa wenye maji. Huko mkaa ananunua nani?

Zuhura: Hapo umeua shangazi. Ni chama cha raga cha Wales na zile klabu zao nne za kulipwa. Februari 2023 wachezaji nusura wagome kucheza na England, mikataba inaisha na mipya haisainiwi

Shangazi Mwajuma: Mtu hajui kodi ya nyumba ataitoa wapi, mnataka akavunjwe mbavu?

Zuhura: Na mbavu afadhali. Kwenye skrumu mnainama kusukumana wanane kwa wanane, vichwa vinapishana, masikio yanasuguliwa mpaka yanavimba kama maandazi

Mjomba Shabani: We umeyajulia wapi haya?

Zuhura: Shule. Mpira hatukuwa nao, mwalimu akatufundishia papai. Pasi za mkono hazirushwi mbele. Papai likidondoka, aliyedondosha analeta jingine kesho. Mama alidhani nafungua genge 😂

Daudi: Mkosi wenyewe uliisha lini?

Zuhura: Julai 2025, Kobe, waliifunga Japani 31-22. Na kocha bado yule wa muda, Sherratt

Mjomba Shabani: Si wakampa kazi?

Zuhura: Wakamchukua Steve Tandy

Mjomba Shabani: 😂😂😂 kumbe ni kina sisi tu

Baba Mdogo Idi: Ndo nasema siku zote, makocha hawana kosa

Mjomba Shabani: Mie nabaki palepale, kocha

Shangazi Mwajuma: Bakini. Mchango wa arobaini ya mtoto nimepokea wa Zuhura peke yake. Daudi, chai ikapoa na hela nayo ikapoa?

Daudi: Naandika ☝️ shangazi, jioni natuma