Vyeti vya huduma ya kwanza vimehuishwa, watu hawajafundishwa kitu!

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Kiwanda sikitaji kwa sababu bado ndipo ninapopata ugali wa watoto, lakini jambo lenyewe nalileta kama lilivyo.

Wiki iliyopita kijana wa zamu ya mchana kamwagikiwa mafuta ya moto, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Bomba la maji liko hatua kumi kutoka pale. Mimi nikakimbilia sanduku la huduma ya kwanza, nakuta kufuli. Ufunguo anao mtu wa stoo, mtu wa stoo kaenda kula. Narudi, nakuta mhudumu wetu wa huduma ya kwanza, mwenye cheti alichopewa miezi minne tu iliyopita, ameshampaka dawa ya meno mkono mzima. Dawa ya meno! Tulipofika zahanati ilikuwa imekauka kama chokaa, muuguzi akaanza kuibandua taratibu na ngozi inatoka nayo. Nilikuwa nje kwenye bajaji na bado nilisikia yule kijana anavyolia.

Kilichotakiwa ni maji ya bomba yatiririke juu ya mkono dakika 20, pete na saa vivuliwe kabla mkono haujavimba, ufunikwe kwa kitu kisafi kisichoganda kwenye kidonda, aende hospitali. Hakuna yai, hakuna asali, hakuna dawa ya meno.

Na yule mhudumu simtupii lawama zote, maana hayo mafunzo ya kuhuisha vyeti nilikuwepo. Tulikaa kantini watu 46, saa mbili na nusu, mdoli mmoja wa kufanyia mazoezi. Waliogusa kifua cha mdoli ni watatu, tena ili wapigwe picha ya ripoti. Waliobaki tulisaini mahudhurio, tukala chipsi kuku, tukarudi kwenye mashine. Habari ya kuungua haikutajwa hata kidogo. Kwenye projekta mkufunzi anaonyesha namna ya kumwokoa mtu ambaye moyo umesimama: kubonyeza kifua mara 15 kwa pumzi 2. Jamani, hesabu hiyo kwa mtu mzima iliachwa tangu 2005! Ni 30 kwa 2, kifua kishuke sentimita 5 mpaka 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Nikanyoosha mkono kuuliza, nikaambiwa muda umekwisha. Wiki mbili baadaye vyeti 46 vikaja, vimepigwa muhuri, vinang'aa.

Mnajua kwa nini cheti hupewa ukomo wa miaka miwili au mitatu? Kwa sababu miongozo inabadilika, na kwa sababu mikono inasahau. Ufundi wa kubonyeza kifua huanza kupotea ndani ya miezi michache usipoufanyia mazoezi. Mwaka juzi nilijilipia mwenyewe kozi ya siku mbili, kila mtu na mdoli wake. Dakika mbili za kubonyeza mfululizo mabega yanawaka moto, unaanza kubonyeza juujuu bila kujijua, ndiyo maana watu hupokezana kila dakika mbili. Kitu kama hicho utakijuaje kwa kumtazama mwenzako anapigwa picha?

Hapa Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. Huduma ya kwanza kazini ni wajibu wa mwajiri, siyo hisani. Ila kwetu wajibu umegeuka fremu ya kutundika ukutani, na sanduku likifunguliwa unakutana na panado, spiriti iliyopitwa na muda na bandeji ya rangi ya chai.

Nimepeleka barua kwenye kamati ya usalama. Nimeomba vitu vitatu: kufuli litolewe, midoli iwe ya kutosha kila mtu ashike, na mazoezi ya nusu saa kila baada ya miezi sita. Jibu nililopewa ni kwamba vyeti vyote viko hai, hakuna tatizo.

Nani hapa amewahi kumbana mwajiri wake mpaka mafunzo yakafanyika kweli? Mlianzia wapi? Nauliza kwa dhati, kwa sababu jana limebandikwa tangazo kwamba waajiriwa wapya walete picha mbili za pasipoti kwa ajili ya vyeti vya huduma ya kwanza. Nimelisoma mara mbili. Tarehe ya mafunzo haimo.