Nipime vipi maktaba huria ya kuwasiliana na API ya malipo?

Msanidi wa Njoro (Nakuru)

Habari zenu wanajukwaa. Ninatunza mfumo wa chama cha ushirika wa maziwa huku Njoro. Kila mwisho wa mwezi mfumo hujumlisha kilo za maziwa alizoleta kila mkulima, hukata deni lake la chakula cha ng'ombe, kisha humlipa kwa M-Pesa kupitia API ya Daraja, yaani njia ya Safaricom ya kuunganisha mifumo mingine na M-Pesa. Umeandikwa kwa Python, na sehemu inayowasiliana na Daraja imekuwa ngumu kuitunza, kwa hiyo nataka kuiondoa na kuweka maktaba huria (msimbo ulioandikwa tayari na kuwekwa hadharani) mahali pake.

Nimepata moja kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, iliyotengenezwa mahsusi kwa Daraja, ambayo kwa mistari mitatu tu hutuma malipo. Ina nyota nyingi (alama za watu walioipenda), lakini inatunzwa na mtu mmoja na toleo lake la mwisho lina zaidi ya mwaka. Njia ya pili ni kuchukua maktaba ya jumla ya kutuma maombi mtandaoni, ama requests ama httpx, kisha niandike mwenyewe sehemu ndogo ya Daraja juu yake. Kamati ya chama inataka sababu zangu kwa maandishi, na sitaki kuwaambia wazee kwamba niliangalia nyota. Mtandao wetu hukatika mara kwa mara, hasa umeme unapopotea. Mngeanzia wapi kuzipima?

Kondele_Data (Kisumu)

Ndugu, umeshataja mwenyewe mahali pa kuanzia: mtandao unaokatika. Maktaba zote tatu zitatuma malipo vizuri siku ambayo kila kitu kinafanya kazi. Tofauti inayokuhusu wewe ni kile ambacho kila moja hufanya ombi linapofika kwenye seva, malipo yakakubaliwa, halafu mawasiliano yakakatika kabla jibu halijarudi. Upande wako utaona kosa tu, wala hutaweza kujua kama mkulima amelipwa. Maktaba ikijaribu tena yenyewe bila kukuuliza, mkulima huyo anaweza kulipwa mara mbili, na kurudishiwa pesa ambazo zimeshaingia kwenye simu ya mtu si kazi nyepesi.

Jambo hili linapimika bila kugusa hata shilingi moja. Andika seva ndogo kwenye kompyuta yako ambayo ikipokea ombi la POST (aina ya ombi linalopeleka data kwa seva) huandika mstari mmoja kwenye faili, kisha hufunga muunganisho bila kujibu chochote. Ielekeze maktaba kwenye seva hiyo, tuma malipo moja, halafu fungua faili. Mstari mmoja ni sawa. Ukikuta miwili au mitatu, maktaba imerudia ombi kwa siri, na kwa kazi ya malipo ningeiacha papo hapo hata kama nyaraka zake ni nzuri kiasi gani. Baada ya hapo badilisha seva ikae sekunde 40 kabla ya kujibu, uone maktaba inasubiri hadi lini. Ukiona ile ya Daraja haikuruhusu kabisa kubadilisha anwani ya seva, hiyo nayo ni alama mbaya, kwa kuwa huwezi kuijaribu popote isipokuwa pale alipopenda mwandishi wake.

Kuhusu hizo mbili za jumla, requests isipoambiwa muda wa kusubiri husubiri bila kikomo, na kazi yako ya usiku inaweza kukwama pale hadi asubuhi. httpx imewekewa sekunde 5 tangu mwanzo. Hilo ni jema, ila seva ya malipo ikichelewa kwa sekunde 8 utapata kosa ilhali malipo yamepita. Kwa hiyo muda huo uuweke wewe mwenyewe, kwa kutenganisha muda wa kuunganishwa na muda wa kusubiri jibu. Zote mbili huruhusu hivyo.

Halafu angalia tokeni, yaani kibali cha muda ambacho mfumo huonyesha kwa kila ombi. Tokeni ya Daraja hudumu kwa saa moja. Soma msimbo wa ile maktaba ndogo uone kama huomba tokeni mpya kwa kila mkulima, jambo linaloongeza maombi maradufu bila sababu, au kama huishika moja na kuendelea kuitumia hata baada ya muda wake kwisha. Orodha ya malipo ikiwa ndefu, kasoro hiyo ya pili hujitokeza katikati ya kazi, wakati baadhi ya wakulima wameshalipwa na wengine bado.

Webuye_Mifumo (Bungoma)

Naafiki aliyosema ndugu wa Kisumu. Naongeza mambo ambayo kamati itayaelewa hata bila kuwa wataalamu.

La kwanza ni leseni. requests iko chini ya Apache 2.0 na httpx chini ya BSD, na zote huruhusu matumizi ya kibiashara. Je, ile ndogo ina faili ya leseni? Msimbo kuwekwa hadharani hakumpi mtu ruhusa ya kuutumia, maana Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazilinda programu za kompyuta pia. Kama faili haipo, mwandikie mwandishi na usubiri jibu lake kabla ya kuendelea.

La pili ni huyo mtunzaji mmoja. Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream, maktaba ya JavaScript iliyotumiwa na watu wengi sana, alichoka na kumkabidhi mgeni aliyejitolea kusaidia, na mgeni huyo akaingiza msimbo wa kuiba sarafu za bitcoin. Simshuku mwandishi wa maktaba yako hata kidogo. Ninachosema ni kwamba toleo unalolitumia ulifunge pamoja na heshi zake (alama za kuthibitisha kwamba faili halijabadilishwa) kwenye faili ya pip, programu inayosakinisha maktaba za Python, ili kisiingie kitu kipya bila wewe kukisoma.

La tatu ni logi, yaani kumbukumbu ambazo programu huandika inapofanya kazi. httpx huandika anwani nzima ya kila ombi katika kiwango cha INFO (kile cha taarifa za kawaida), na maktaba nyingine huandika hata mwili wa ombi. Namba za simu za wakulima ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kwa hiyo washa logi zote, tuma ombi la majaribio, kisha tafuta namba hiyo na ufunguo wako wa siri ndani ya faili za logi.

Msanidi wa Njoro (Nakuru)

Asanteni sana. Nimeandika ile seva inayofunga muunganisho, na maktaba ndogo imeacha mistari mitatu kwenye faili kwa malipo moja. Hiyo nimeiondoa kwenye orodha. Swali lililobaki ni hili: bado ningependa mfumo ujaribu tena pale ambapo intaneti haipo kabisa, kwa kuwa hapo ombi halijatoka. Je, httpx inaweza kutofautisha hali hizo mbili?

Kondele_Data (Kisumu)

Inaweza. Kwenye HTTPTransport, sehemu ya httpx inayobeba maombi, kuna kigezo cha retries (idadi ya kurudia), nacho hurudia tu pale muunganisho wenyewe unaposhindwa kufunguka. Jibu likipotea baada ya ombi kutumwa, hakirudii. requests nayo hufanya vivyo hivyo ukiipa Retry (kanuni za kurudia) ya urllib3, maktaba ambayo requests imejengwa juu yake, kwani orodha ya kawaida ya aina za maombi zinazorudiwa baada ya ombi kutumwa haina POST. Usiiongeze humo.

Kwa yale yaliyopotea katikati, hifadhi kila malipo kwenye kanzidata yako yakiwa na namba ya kipekee kabla hujatuma. Kosa la kusubiri likitokea, yape hali ya "haijulikani" na wala si "yameshindwa", kisha uulize hali ya muamala kwa API ya Daraja iliyowekwa kwa kazi hiyo. Hata ukipata jibu la 200 (namba ya seva inayomaanisha sawa), hilo ni la kukuambia ombi limepokelewa tu. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye ResultURL yako, yaani anwani unayoipa Daraja ilete matokeo, kwa hiyo hakikisha seva inayoyapokea haiko kwenye kompyuta ile ile inayozimika umeme ukipotea Njoro.