Natimiza miaka 50, zaidi ya nusu yake nikiwa ubaoni. Naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Wiki ijayo natimiza miaka 50, na 26 kati ya hiyo nimeitumia kufundisha hisabati.

Juzi usiku nilikuwa nasahihisha madaftari, nikakuta msichana mmoja amefuta jibu mpaka karatasi imetoboka. Pembeni kaandika kwa penseli, "Mwalimu, hapa sijaelewa." Zamani ningemwita asubuhi na mapema nimweleweshe. Safari hii niliweka alama ya kosa, nikafungua daftari lingine. Imeniuma mno, hadi leo naliona lile tundu.

Sasa nimeombwa niwe mwalimu mkuu msaidizi. Vipindi vitapungua, na kweli sauti yangu siku hizi inakauka kabla ya mchana. Mke wangu anasema nikubali. Lakini darasa ndilo ninalolijua. Mafaili sijawahi kuyapenda.

Walimu mliopita umri huu, mlitambuaje kama mmeichoka kazi au ni mwili tu unaodai mapumziko? Na mliohamia ofisini, mlijutia kuacha kufundisha? Natakiwa kujibu kabla muhula haujaisha.